Kiti Chini ya Kitenge

Kwii-kwii, kwii-kwii. Kila Jumapili alfajiri niliusikia mlio huo kabla sijaona kitu: springi mbili za kiti cha baiskeli zikilalamika kwenye mashimo ya mtaa wetu wa Mutakura, zikikaribia, halafu zikinyamaza mbele ya mlango wa bati wa ua wetu. Kikafuata kikohozi kidogo. Hakugonga kamwe, kwa kuwa mama yangu alikuwa bado amelala. Mimi nilikuwa nimeshasimama nyuma ya mlango huo, baiskeli yangu mkononi, kurasa zangu za wiki nimezitia kwenye bahasha na kuzibana kiunoni.

Alikuwa rafiki yangu, na alikuwa msomaji wangu wa kwanza. Tulijuana kwenye kundi letu la waandishi, vijana kumi na kitu tunaokutana kila Alhamisi kwenye darasa la kuazima, tunasomeana, tunagombania sentensi kama watu wengine wanavyogombania mpira. Mafuta yalipoadimika mjini na basi likawa kitu cha kusubiriwa nusu siku, kila mmoja wetu alitafuta baiskeli kuukuu, na ndipo tukagundua kwamba nyumba yake na yangu zimetenganishwa na mitaa miwili tu. Jumapili ikawa yetu. Tulishuka kupitia mjini, tukalifuata ziwa kuelekea kusini, na pale tulipochoka tulikaa juu ya jiwe, milima ya Kongo mbele yetu, nikamsomea. Alisikiliza amefumba macho. Sentensi ikiwa mbaya, alifumbua jicho moja. Ukurasa alioupenda aliuchorea samaki mdogo pembeni kwa penseli.

Ndoto yetu ilikuwa Rumonge, mji wa ufukweni huko kusini. Kufika Rumonge kwa siku moja, kula samaki wa kukaangwa kwa mawese, kulala kwa shangazi yake, na huko huko nimsomee sura ya mwisho ya riwaya yangu kabla mvua hazijaanza. Hilo ndilo nililolitaka kiangazi kile chote. Hata kuchapishwa sikukutaka kama nilivyolitaka hilo.

Kilichotuzuia ni kitu ambacho hakuna aliyethubutu kukitaja.

Baada ya saa moja barabarani, kiti kilianza kuuma. Kwanza kwenye mifupa miwili ya kukalia, maumivu ya kawaida, ya kuvumilika. Kisha maumivu yakasogea mbele, yakawa moto, na baada ya moto ikaja ganzi. Ganzi ilinitisha kuliko moto. Nilishuka kwenye baiskeli nikahisi kwamba kipande cha mwili wangu kimebaki nyuma, huko Kanyosha, kinanifuata kwa miguu. Ni kipande ambacho mama zetu walitufundisha kukiosha, si kukitaja. Kwa hiyo sikukitaja. Jumapili mchana nililala kifudifudi na kusingizia tumbo.

Nikajitibu kwa akili ya mjini kwetu. Wanaume wanaobeba abiria kwa baiskeli hufunga kipande cha godoro kwenye kiti cha nyuma, wakakivika kitambaa kizuri, na mteja akikaa hapo anaona yuko sebuleni kwake. Nikawaza: kama abiria anastareheka, mimi je? Nikakata kipande kinene cha godoro la zamani, nikakifunga juu ya kiti changu, nikakishonea kitenge cha njano chenye ndege wa buluu. Kilipendeza mno. Watoto wa mtaa walikigusa. Na ganzi ikaanza kuja mapema zaidi, baada ya nusu saa. Nikaongeza godoro.

Jumapili moja, tumesimama karibu na Kabezi, aliniuliza huku akitazama maji.

"Sha, we haikuumi?"

"Nini?"

"Kukaa. Kwa seli."

Ndivyo tunavyokiita kiti cha baiskeli hapa Bujumbura, seli, kwa Kifaransa chetu cha mitaani.

"Apana," nikasema. "Mi niko bien."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilisema hivyo. Nadhani ni kwa sababu aliandika vizuri kuliko mimi. Kila mtu kwenye kundi alilijua hilo, naye alilijua pia, akanificha kwa upole, na upole wake uliniwasha. Alhamisi alisoma mistari mitatu na darasa zima likanyamaza. Mimi nilisoma kurasa kumi na watu wakatafuta viatu vyao kwa miguu chini ya meza. Barabarani, angalau, nilikuwa sawa naye. Labda hodari zaidi kidogo. Sikutaka kukipoteza hicho kidogo. Nikamwona anainamisha kichwa, kama mtu aliyegonga mlango akaambiwa hapana mtu ndani.

Tangu siku hiyo hakukaa tena kunisikiliza. Mimi nilikaa juu ya jiwe, nimeuma meno, nikisoma. Yeye alisimama, alizunguka, aliegemea magoti kwa mikono, alinyoosha mguu mmoja halafu mwingine. Macho yalikuwa wazi yote mawili. Nikajua riwaya yangu imemchosha.

Mwezi wa saba aliingia mgeni kwenye kundi letu. Alikuwa amekulia Ubelgiji, akarudi, akaishi kwa mjomba wake, mtaa wa Kinindo, kwenye nyumba yenye gari zuri lisilo na tone la mafuta. Kiswahili chake kilivunjika kila mahali na watu walikipenda hivyo hivyo. Mimi nilikichukia. Alikuwa na baiskeli nyepesi, na chini ya sketi alivaa kaptura nyeusi yenye kitambaa kinene cha kukalia, akaieleza mbele ya darasa zima, wanaume wakiwamo, bila kupunguza sauti.

"Siku ya Mungu niko libre, sina kazi," akasema. "Munanipitia Kinindo?"

Rafiki yangu akajibu "ndiyo" kabla sijapata sababu ya kukataa.

Jumapili ilipofika, hatukuwa tumeendesha hata dakika kumi kutoka kwa mjomba wake, mgeni alipomwita rafiki yangu.

"Dada, simama kidogo. Seli yako iko na pua juu. Inakukata, si ndiyo?"

Rafiki yangu akacheka, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia kwake, cha mtu aliyefunguliwa kamba.

"Yoo, Mungu wangu! Inanikata tangu mwezi wa tano. Nilifikiri ni miye peke yangu. Huyu," akanionyesha kwa kidevu, "huyu yeye ni chuma."

"Chuma kweli?" Mgeni akanigeukia, akabonyeza godoro chini ya ndege wangu wa buluu. "Na hii matela?"

"Ni urembo tu," nikasema.

Akatoa spana kwenye mkoba, akalegeza nati chini ya kiti cha rafiki yangu, akakilaza mpaka pua ikawa sawa na kisogo. Ungeweza kuweka kikombe cha chai juu yake kisimwagike. Kisha akamwambia asikae muda wote kama mtu aliyegundishwa. Asimame juu ya pedali mara kwa mara, ahesabu mpaka ishirini, damu ipite.

"Mara kwa mara ni mara ngapi?"

"Weka alama. Kila ukiona kanisa, simama."

"Kwa barabara hii?" rafiki yangu akasema. "Basi sitakaa tena mpaka nife."

Wakacheka wote wawili. Asubuhi hiyo niliendesha nyuma yao, na kila kanisa lilipotokea, la matofali, la mabati, la turubai, niliona migongo miwili ikiinuka pamoja, sketi mbili zikijaa upepo, kisha ikishuka pamoja. Mimi nilibaki nimekaa. Mimi ni chuma. Ganzi ilinipanda mpaka kiunoni, na juu ya kiuno kulikuwa na wivu, na kati ya hivyo viwili sikujua ni kipi kilichonitoa machozi. Nikasema ni vumbi. Siku hiyo sikusoma. Hakuna aliyeniomba.

Jumapili iliyofuata hakuja. Alinitumia ujumbe kwamba wamepata wageni nyumbani. Nikasimama nyuma ya mlango wa bati mpaka jua likatoka, nikisikiliza.

Jumanne nilikwenda Jabe. Nilikwenda kwa sababu sasa sikuweza hata kukaa mezani kuandika. Karibu na soko kuna fundi wa baiskeli, mzee Mwislamu aliyezaliwa mtaa huo huo kama baba yake. Karakana yake ni baraza ya nyumba yake, na nyuma ya pazia mkewe anasukuma chapati. Nilisikia wanamsifu kwa mikono. Adabu yake hakuna aliyenisimulia.

"Fundi, kiti kinaniumiza," nikasema.

Aliangalia gurudumu. "Mama!" akaita, na pazia likasogea, na mkewe akatokea, unga mpaka viwikoni. "Mu-ulize huyu binti, inamuuma mbele ao nyuma?"

Mama alikuwa umbali wa mkono kutoka kwangu. Akanigeukia. "Mbele ao nyuma?"

"Mbele."

"Mbele," akamwambia mumewe, ambaye alikuwa karibu zaidi.

"Na ganzi iko?"

"Ganzi iko?"

"Iko."

"Iko sana," akasema mama, akiongeza la kwake.

"Subhanallah. Mu-ulize hii matela, nani alimushauri?"

"Hakuna. Nilijifanyia."

"Alijifanyia mwenyewe," mama akasema, na wote wawili wakatikisa vichwa, kama mtu ametaja msiba.

Fundi akalieleza gurudumu. "Umwambie matela ni ya abiria. Abiria anakaa tu, sawa muzigo. Mwenye kupiga pedali, mifupa yake inazama ndani ya matela, na matela inapanda katikati, inabana mishipa pahali pabaya. Vile anaongeza, vile inabana. Seli inaomba kuwa ngumu kidogo, na upana wake ulingane na mifupa ya mutu. Umupime."

Mama akanipitisha nyuma ya pazia, akaweka kipande cha kartoni juu ya ngazi ya saruji, akaniambia nikae juu yake, niinue magoti, nishike ukingo wa ngazi na kujivuta chini kwa nguvu. Nilikaa hivyo akiwa anageuza chapati. Niliposimama, kwenye kartoni kulikuwa na mabonde mawili madogo. Akaipitisha pembeni ya pazia, na nikaviona vidole gumba vya mzee vikipapasa mabonde hayo kimya, kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

Hapo ndipo nilipouona msumari ukutani. Kartoni tatu nne zilining'inia, kila moja na alama ya mkaa ya mwenyewe. Ya juu kabisa ilichorwa samaki mdogo.

"Na huyu samaki?" nikauliza, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida.

"Eh, wale dada wawili!" Mama akaweka mkono kifuani. "Walikuya juzi, siku ya Mungu. Waliniua na kicheko. Mumoja anakaa, mwingine anamusukuma mabega: 'Kaa vizuri, kaa sawa malkia!' Seli yake imeshaonekana, ile pale. Atakuya kuichukua."

Niliiona. Ngozi nyeusi iliyokwisha kutumika Ulaya na kulainishwa na watu wengine, ngumu kwa kidole, na katikati yake mfereji mrefu ili kisiguswe kisichopaswa kuguswa. Nikaweka vidole vyangu kwenye mabonde ya kartoni yake, kisha kwenye ya kwangu. Upana ulikuwa ule ule. Miezi yote hiyo tulikuwa na maumivu ya kipimo kimoja, na alikwenda kupimwa na mwingine.

Fundi akasema, kupitia mkewe, kwamba hata mimi ingenifaa, lakini ina mwenyewe. Nirudi baada ya wiki mbili, inshallah itapatikana nyingine.

"Yeye ameshapata ingine," nikasema. "Ule rafiki yake wa Kinindo alimupa. Alinituma niwaambie. Mi ni dada yake."

Mzee akainua uso. Kwa mara ya kwanza alinitazama machoni, na kwa mara ya kwanza hakupitia kwa mkewe.

"Kweli, binti yangu?"

"Kweli."

Aliifunga kwa uangalifu uleule ambao angemfungia mwenye haki. Akaiweka kimo ambacho kisigino kikikaa kwenye pedali ya chini mguu unanyooka, akalaza pua, akainua usukani kidogo ili uzito wangu usimwagikie mbele. Mama akaniagiza niache jinzi, mshono wake mnene ni kisu. Nilishukuru. Nyumbani nilitupa godoro, lakini kitenge cha ndege nilikivika juu ya seli mpya, nikakishona kando kando kwa uzi maradufu.

Jumapili kwii-kwii ikarudi. Nilimfungulia nikitabasamu. Tukampitia mgeni, tukaamua kwenda mbali kadiri tutakavyoweza, kama jaribio la Rumonge.

Siwezi kudanganya kuhusu mwili wangu. Ulifurahi. Kanyosha ikapita, Kabezi ikapita, na nilikuwa mzima, wote nipo juu ya baiskeli, hakuna kilichobaki nyuma. Niliuona mwanga juu ya maji. Nilisikia ndege wa kweli. Makanisa yalipotokea nilisimama nami juu ya pedali, nikahesabu, nikakaa tena, na kukaa kwenyewe kulikuwa raha.

Rafiki yangu alibaki nyuma. Kile kiti chake hata kikilazwa kilikuwa chembamba mno.

"Nilipigia fundi, akashituka," nilimsikia akimwambia mgeni. "Seli yangu imeenda. Imeenda wapi, hasemi. Anaomba tu musamaha."

Nilitazama ziwa.

Tulipofika Gitaza alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye mchikichi, akajitupa kifudifudi kwenye nyasi kando ya barabara. Alicheka na kulia kwa wakati mmoja. "Nendeni. Mi nimekufa kutoka hapa mpaka hapa. Narudi na basi."

Spana ilikuwa kwenye mkoba wa mgeni. Kumrudishia seli yake ilikuwa kazi ya dakika tano. Nilizihesabu dakika hizo zikipita, nimesimama juu yake na kivuli changu kikimfunika mgongo.

"Nitabaki na wewe," nikasema.

"Apana, we ni chuma, sha. We unaweza kurudi na kinga," akasema, akiionyesha baiskeli yangu kwa kidole. Akamnyooshea mgeni mkono ili amwinue.

Basi lilikuwa na nafasi ya watu wawili, na ya baiskeli mbili juu ya paa. Nikarudi peke yangu njia yote ile, bila maumivu hata kidogo, sura yangu ya mwisho kiunoni, imelowa jasho.

Jumatano mchana nilisikia springi mtaani. Hakukuwa na kikohozi. Aligonga, mama yangu hakuwapo, nikafungua, naye akaisukuma baiskeli yake mpaka katikati ya ua. Kwapani alikuwa na bahasha kubwa.

"Mama wa chapati anakusalimu," akasema. "Anasema nimupe pole dada yangu mwenye ganzi."

Akaiendea baiskeli yangu, akaingiza kidole chini ya kitenge, akavuta mpaka uzi ukakatika. Akaibonyeza ngozi ile nyeusi kwa kidole gumba.

"Inakaa vizuri?"

"Inakaa."

"Ilikuuma tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

"Kama miye." Akatazama chini. "Nilikuuliza, sha. Kule Kabezi. Niliogopa. Nilifikiri labda ni ugonjwa, labda sitazaa. Nilikuuliza wewe kwanza."

Nikakimbilia ndani, nikatafuta spana ya marehemu baba, nikarudi nikapiga magoti chini ya seli. Nati haikugeuka.

"Iache," akasema. "Ungeomba, ningekupa."

"Ulikuwa umesimama!" Nilitaka na mimi niwe na cha kumdai. "Nikisoma unasimama, unazunguka. Kitabu changu kilikuchosha, ukampata mwenye kukuchekesha."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Nilisimama sababu siwezi kukaa. Wewe! Si ndiyo nakwambia?" Akanipa bahasha. "Nilikuwa nakisoma nyumbani, nimelala juu ya tumbo."

Zilikuwa sura zangu zote nilizompa tangu mwanzo. Nilifungua ya kwanza. Samaki. Ya pili, samaki wawili. Kwenye ukurasa mmoja walikuwa kundi zima, wanaogelea kutoka aya hadi aya.

"Ya mwisho sijaisikia," akasema. "Utamupata wa kumusomea. Siku ya Mungu mi naenda Rumonge naye. Fundi hajapata seli ingine, basi tutabadilishana kinga. Kila kanisa, mumoja anashuka, mwingine anapanda."

Nilitaka kusema kwamba nami naweza kubadilishana. Tayari niliwaona akilini wakishuka na kupanda, barabara nzima, mpaka kwa shangazi.

Aligeuza baiskeli yake kuelekea mtaani. Nilisubiri, bado nimepiga magoti, springi zilie. Hazikulia, hakukipanda kile kiti, alikuwa anakisukuma. Kikapita kizingiti bila sauti, naye nyuma yake, na mlango wa bati ukajifunga.